Barua ya Pole ya Aloisi

Mwalimu wenu wa Kiingereza alinijia nyumbani Jumamosi moja alasiri. Ni kijana mstaarabu, alinipa shikamoo mara mbili kwa kuwa hakuwa na hakika kama ile ya kwanza niliisikia. Niliisikia. Masikio yangu ni mazima, kinachonisumbua ni magoti. Akasema klabu yenu ya Kiingereza imepata habari za Babu Kamusi, ndivyo mtaa unavyoniita, na mnataka niwaandikie maneno hamsini ya Kiingereza yasiyo ya kawaida ili mwongeze msamiati kabla ya mdahalo wenu na shule nyingine. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Alipokwenda zake ndipo nilipokumbuka kwamba kiti alichokalia kilikuwa hakijakaliwa na mtu tangu mfungo wa Ramadhani ulipoisha.

Orodha niliianza jioni ileile. Nilifika neno la tisa nikaweka kalamu chini. Msije mkadhani maneno yaliniishia, nina madaftari kumi na nne yaliyojaa. Neno la tisa ndilo lililomfukuzisha kazi rafiki yangu Aloisi, na aliyeliandika ni mimi. Aloisi yu hai, anaishi Matombo. Kwa miaka thelathini nilikuwa sijamwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Nikaona siwezi kuwapa ninyi neno lile, mkalitamke jukwaani mkapigiwa makofi, kabla sijakwenda kumwambia mwenyewe. Kwa hiyo mtanisamehe, badala ya orodha nimewaandikia habari ya kazi yangu. Humo ndani mtaokota maneno matatu, na yatawatosha.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa barazani. Ninyi hamkuikuta kazi hii ikiwa na heshima yake. Mtu alikuwa na shida, shida ilitaka barua, na barua ilimtaka mtu mwenye mashine. Nilikaa nje ya duka la vitambaa hapa mjini, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi niliouwekea kipande cha boksi, na juu yake taipureta nzito ya chuma ambayo herufi yake ya "e" ilipanda juu kidogo kuliko wenzake. Barua za serikali nilizipiga kwa Kiswahili. Za makampuni, miradi na mashamba ya wageni zilitakiwa kwa Kimombo, na hapo ndipo watu waliponipangia foleni. Wapiga chapa tulikuwa wengi, lakini wenye Kiingereza cha kueleweka tulikuwa wawili tu, na yule mwenzangu alikuwa mlevi.

Kiingereza changu kilitoka darasani kidogo, na kwa Mzee Hizza zaidi. Huyu alikuwa mkalimani wa mahakama aliyestaafu, mtu wa Tanga, mkali, suruali yake imepigwa pasi hata siku ya mvua. Alinifundisha kupiga chapa kwa kunifunika mikono na kitambaa cha meza ili nisitazame vidole. Siku yangu ya kwanza kutumia kaboni, ile karatasi ya wino ya kutolea nakala, niliigeuza, nikapiga barua nzima ya kurasa mbili, na nakala ikajichapa mgongoni mwa barua yenyewe, maandishi yakienda kinyumenyume. Mzee Hizza aliichukua, akaielekeza kwenye kioo cha dirisha la duka, akaisoma humo mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akaniambia nimuulize mteja kama kwao wana kioo.

Kuhusu maneno alikuwa na sharti moja. Neno jipya usiliandike mpaka umekutana nalo mara tatu kwenye maandishi ya watu wanaoijua lugha, na kila unapokutana nalo uandike pembeni limekaa na maneno gani, nani kamwambia nani, na wakati huo walikuwa wanacheka au wanalia. Kamusi, alisema, inakwambia neno lina maana gani, haikwambii lina tabia gani. Ndiyo sababu madaftari yangu yana safu nne. Vijana, kama kuna kitu cha kuchukua kwa mzee huyu basi chukueni hicho. Neno uliloliona kwenye simu yako, limebandikwa na mtu wa mbali anayetaka aonekane ana akili, umekutana nalo mara moja. Bado mbili.

Sharti hilo nililishika maadamu Mzee Hizza yupo. Alipofariki, tukamzika kwao Muheza, nilirudi barazani nikiwa na sifa zangu zote na bila mtu wa kunikemea. Nilikuwa na kamusi ndogo ya mfukoni iliyokwisha kupoteza jalada. Ilikuwa kamusi bahili, kila neno ililipa maana ya maneno mawili matatu tu. Nikaanza kuchota humo.

Akaja jamaa mmoja wa Kingolwira anaomba kazi ya ulinzi kwenye shamba la mgeni. Enzi zile barua za heshima zilimalizikia kwa "your obedient servant", yaani mtumishi wako mtiifu. Nikaona hilo limechakaa, kila mlinzi anajiita mtiifu. Nikafungua kamusi yangu bahili nikapata "obsequious", imeelezwa kuwa ni mtiifu kupita kiasi. Nikasema ndilo hasa, mlinzi akipita kiasi kwa utii si ndiyo vizuri zaidi? Baadaye nilikuja kujua kwamba neno hilo ni la kumsemea mtu anayejikomba, mlamba viatu. Jamaa wa watu alikuwa ameweka sahihi yake chini ya maneno "mimi mlamba viatu wako". Na kazi akapata. Nilisikia meneja alicheka mpaka akatoa miwani, akasema mtu huyu asiachwe. Jamaa akaniletea kuku, na mimi kichwa kikavimba. Laiti angenyimwa kazi ile, huenda ningerudi kwenye sharti mapema.

Nitawapa na neno moja nililolipata kihalali, mara tatu, mpate kuona tofauti. "Petrichor" ni ile harufu ya ardhi kavu ikipata mvua. Hapa kwetu mvua ya vuli ikishuka kutoka milimani harufu hutangulia. Marehemu mke wangu Zainabu alikuwa akiinua uso kwenye ungo wa mchele na kusema "imenuka", kisha huyo mbio kwenye kamba ya nguo. Siku moja nikamwambia Wazungu wana neno la hiyo harufu, nikamtajia. Akaniuliza kama neno lenyewe linaweza kuanua nguo. Tulicheka siku ile, na tangu hapo kila mvua ikikaribia aliniambia lile neno lako linakuja.

Zainabu ana miaka sita kaburini. Watoto wako Mwanza na Dodoma na simu zao ni za Ijumaa. Vuli iliyopita harufu ilipokuja nilikuwa nimekaa uani peke yangu. Nikalitamka lile neno kwa sauti. Halafu nikasema "imenuka". Nikawa nangoja, sijui nangoja nini, mpaka matone yakaanza kunipiga na mashati yangu mawili yakalowa kambani nayatazama. Niliumia siku ile kuliko siku ya arobaini yake. Neno linataka mtu wa pili, wanangu. Mkijifunza maneno ambayo hamna wa kuambiana nayo, mtakuja kuyasema uani kama mimi.

Mtu wangu wa pili kwa upande wa barazani alikuwa Aloisi. Alikuwa Mluguru wa Matombo, mwenyeji wa milima hii kama mimi, ila yeye Mkristo. Alimwendesha mtaalamu mmoja mgeni wa mradi wa mbegu nje kidogo ya mji. Mchana bosi wake akila, yeye alikuja kwangu na ndizi mbivu za kwao, akakaa kwenye benchi la wateja na kuuliza leo limeanguka neno gani. Nikimtajia, alilirudia kwa kuliharibu makusudi. Lile la mlamba viatu nilipokuja kumweleza tabia yake, alilipenda mno. Alikuwa akisimamishwa na trafiki anapiga saluti na kumwita hivyo usoni, na trafiki anamjibu asante.

Mimi sikuwa na rafiki mwingine wa namna ile. Wateja walinihitaji, Aloisi alinipenda. Nimechelewa sana kuona tofauti.

Jumapili moja ghala la mradi wao likaungua. Hakufa mtu, lakini mlikuwamo mbegu na makaratasi ya utafiti wa yule mgeni, kazi yake ya miaka mingi, vyote vikawa majivu. Aloisi alikuwa kwao Matombo kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake. Aliporudi alimkuta bosi wake amejifungia ndani, hataki kusema na mtu. Jumanne mchana akaja barazani bila ndizi.

"Yule mzee amelia, Shabani," akaniambia. "Nimemwona kwa macho yangu. Na mimi Kiingereza changu ni cha kushoto na kulia. Niandikie barua ya pole."

Sasa sikilizeni hapa, kwa maana hapa ndipo sisi wenye Kiswahili tunapoangukia. Kwetu pole ni ya mtu aliyefikwa na jambo, na samahani ni ya mtu aliyekosa, na hakuna mtoto wa miaka mitatu anayezichanganya. Waingereza wameviweka vyote viwili kwenye chungu kimoja, "sorry". Ndiyo maana mgeni akijikwaa barabarani ukamwambia "sorry", anakutazama kama vile wewe ndiye uliyelitega jiwe. Hilo nilikuwa nalijua kidogo, lakini sikulitilia maanani. Nilichoona mimi ni kwamba "sorry" ni neno jembamba mno kwa msiba wa mzee yule. Nikafungua kamusi yangu bahili. Nikalipata "contrite". Maana yake imeandikwa maneno mawili tu: "very sorry". Nikajitafsiria mwenyewe: pole sana. Nilikuwa sijakutana nalo kokote, si mara tatu wala mara moja.

Nilimsomea Aloisi sentensi. "I am deeply contrite about the fire."

"Hiyo kontraiti ndiyo ile kontrakti?" akauliza.

"Hapana. Hiyo ni pole kubwa kuliko zote."

"Basi iweke."

Nikaipiga, na nakala ya kaboni nikampa aiweke. Akaweka sahihi, akanishika bega, akaondoka.

Neno hilo, wanangu, halina pole ndani yake. Ni neno la mwenye dhambi aliyepiga magoti. Ni majuto ya aliyetenda. Sentensi niliyompa Aloisi apeleke ilisema hivi: ninajuta kwa moyo wangu wote kwa ajili ya ule moto.

Alhamisi akarudi na barua ya kuachishwa kazi. Yule mgeni alikuwa amekaa siku tatu akijiuliza nani kamchomea kazi yake, kisha analetewa barua yenye majuto na sahihi. Wafanyakazi wengine wakakumbuka kwamba Aloisi alikuwa na jiko la mkaa alilochemshia chai nyuma ya ghala Jumamosi kabla hajasafiri. Hawakumpeleka polisi. Bosi alijiona amefanya huruma, kwa kuwa mtu mwenyewe amekiri na anajuta. Akatakiwa atoke kwenye nyumba ya mradi kabla ya Jumatatu. Chanzo cha moto ule hakijajulikana mpaka leo, na mji wote ukabaki na jibu moja, dereva ndiye aliyeuwasha. Kila alikokwenda kuomba udereva habari ilikuwa imemtangulia. Binti yake mkubwa, Kristina, alikuwa kidato cha pili hapa mjini. Walirudi wote Matombo, na shuleni hakurudi.

Lakini bado sijawaambia lililo baya zaidi. Alhamisi ile Aloisi alisimama mbele ya meza yangu na barua yake mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Shabani, uliandika nini?"

"Niliandika pole," nikamjibu. "Mzungu yule alikuwa anakutafutia sababu tu."

Hapo nilikuwa bado naamini, nusu. Alipoondoka niliitazama tena kamusi yangu bahili. Nikafunika mashine, nikaenda maktaba, nikaomba ile kamusi nene ambayo hairuhusiwi kutolewa nje. Nikalisoma lile neno na mifano yake yote. Kila mfano una mtu aliyekosa. Nilikaa pale nimeshika ukurasa mpaka mtunza maktaba akaniambia wanafunga.

Ijumaa asubuhi nilikwenda mradini. Nilikuwa nimekwisha kujipanga, nimwone mgeni, nimweleze kwamba kosa ni la mpiga chapa, dereva hajui hata neno lenyewe. Nilifika getini. Mlinzi akaniuliza shida yangu. Nikafikiria benchi langu limejaa watu, nikafikiria habari ikienea sokoni kwamba barua za Shabani zinafukuzisha watu kazi. Nikamwambia mlinzi nimepotea njia. Maelekezo aliyonipa yalikuwa marefu na mimi niliyasikiliza yote, nikashukuru, nikarudi barazani.

Kuanzia hapo nililirudia sharti la Mzee Hizza kwa woga, sikuandika tena neno nisilolijua. Watu wakanisifu kuwa nimekuwa makini. Madaftari mengi kati ya yale kumi na nne yanatoka kwenye woga huo. Ninyi mnadhani Babu Kamusi alikusanya maneno kwa kuyapenda. Niliyakusanya kama mtu anayefunga milango yote baada ya mwizi kupita.

Aloisi nilikutana naye kwa mwaka mara moja, mara mbili, aliposhuka na mdalasini na viungo vingine vya shamba lake sokoni. Kila mara nilimwambia, "Pole, ndugu yangu. Yule mzungu alikuonea." Naye kila mara alinitazama kidogo, akasema asante. Benchi langu hakulikalia tena. Nilijiambia ni kwa sababu Matombo ni mbali na magari ni ya shida.

Baadaye kazi yenyewe ikanikimbia. Zilikuja kompyuta, vijana wakafungua vibanda vya kuchapa mtaa mzima. Nami nilijifunza, msinione mshamba, nilikuwa nakodi saa moja moja. Siku ya kwanza niliandika moja ya maneno yangu, kompyuta ikalipigia mstari mwekundu. Hailijui. Nilifurahi mno, nikajiona nimeishinda. Kisha nikaandika jina langu na la baba yangu, yakapigwa mstari mwekundu yote mawili. Baada ya kompyuta zikaja simu, na siku hizi mtu anamwambia simu shida yake nayo inamwandikia barua kwa ung'eng'e uliopigwa pasi. Sina ugomvi nazo. Mteja wangu wa mwisho alikaa kwenye benchi nikadhani analo la kuandika, kumbe alikuwa anakwepa jua. Siku ile nilibeba mashine nikarudi nayo nyumbani.

Nyumbani nilikuta maneno mengi na hakuna pa kuyapeleka. Mwanzoni Zainabu alikuwepo. Kisha naye akafariki. Hapo ndipo nilipoanza kumkumbuka Aloisi kila mchana, kila saa ile ya ndizi, na kila nikimkumbuka nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Magoti yakauma, ikawa sababu. Mvua ikanyesha, ikawa sababu. Ikabidi aje mwalimu wenu na maneno yake hamsini.

Nilikwenda Jumatano. Barabara ya Matombo mnaijua wenyewe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na mnicheke mkitaka, niliyapanga kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiingereza hayaumi.

Aliyenipokea ni Kristina. Ni mama mtu mzima sasa, ana mvi chache za pembeni. Alipiga goti kidogo akasema, "Shikamoo baba Shabani," akanitolea kiti na maji. Nilishindwa kumtazama. Akanielekeza kwa baba yake, amekaa nyuma ya nyumba anakwangua magome ya mdalasini, kisu kidogo mkononi. Kazeeka, lakini mikono yake bado ni ya dereva. Tukasalimiana, akaniuliza hali ya magoti, nikashangaa kajuaje. Kumbe huwa anauliza habari zangu kwa wanaoshuka mjini.

Niliogopa kwamba nikikaa sana nitaanza kuzungumzia mvua. Nikasema palepale.

"Aloisi, ile barua. Aliyekosa ni mimi. Neno nililoandika halikuwa pole, lilikuwa la mtu anayekiri. Nilijua siku ileile ya Alhamisi, alasiri, nikakuficha."

Aliendelea kukwangua. Gome likatoka refu, akaliweka juu ya mengine.

"Mimi nilijua Jumapili," akasema. "Ile nakala nilimpelekea padri akanisomea. Akaniuliza kama kweli nilichoma mimi."

Nikamuuliza, na nilikuwa na ujasiri gani sijui, mbona hakuja kuniuliza.

"Nilikuuliza. Ukanijibu." Akageuza kisu. "Nikasema labda hajui. Siku atakayojua atakuja mwenyewe. Halafu kila tukikutana sokoni unanipa pole. Pole anatoa mtu anayepita njia, Shabani."

Vijana, madaftari kumi na nne hayakunipa kitu pale. Yale ya Kiingereza niliyoyapanga njiani yote yalikuwa yameondoka, na nashukuru yaliondoka. Nikasema, "Nisamehe." Nikarudia. "Nisamehe, Aloisi. Wewe na Kristina."

Alipuliza vumbi la mdalasini kwenye kiganja chake.

"Nimekusikia," akasema.

Nikangoja aongeze. Alimwita Kristina alete chakula, tukala ndizi za nazi na maharage, tukazungumza habari za bei ya viungo na za waliokufa. Alikuwa mkarimu kama zamani. Hakuniuliza leo limeanguka neno gani. Tulipomaliza kunawa akatazama jua, akasema gari la kurudi mjini hupita saa tisa, nisije nikachelewa.

Mnajua mgeni anavyosindikizwa. Zamani nilipokuwa napanda Matombo siku za sikukuu yao, Aloisi alikuwa akinisindikiza mpaka barabarani, na gari likija anapanda na mimi mpaka kijiji cha pili, hadithi haijaisha, kisha anarudi kwa miguu. Safari hii alichukua fimbo yake, tukatembea polepole kwa ajili ya magoti yangu na mgongo wake, bila maneno mengi. Shamba lake lilipokwisha alisimama. Akanipa mkono akaniambia nikawasalimie watu wa nyumbani. Nyumbani kwangu hakuna watu, naye alilijua hilo, lakini ndivyo anavyoagwa mgeni yeyote. Nikasema zitafika. Nikateremka kuelekea barabarani peke yangu, na nilipogeuka alikuwa bado amesimama palepale, kwenye mgomba wa mwisho.